Maniema: Waya mrefu wa parabola unakula picha, lakini si kila kosa ni la waya

Kasongo – Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, Léopards ya Congo ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bastola. Walitaka dunia ielewe kwamba watu wanauawa mashariki ya inchi na wakubwa wananyamaza. Congo ilishindwa 1-0, lakini ile ishara haikusahaulika.

Kwa mkaaji wa Kasongo au wa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kuiona kwa macho yake kulitegemea vitu vitatu: batri au jenereta yenye nguvu ya kutosha, parabola iliyoelekezwa vizuri, na waya unaotoka kwenye parabola mpaka kwenye dekoda. Batri inaangaliwa kila siku. Parabola inaonekana na kila mpita njia. Waya ndio watu wanausahau, mpaka siku picha inapovunjika vipande vipande, sauti inakatika, na maandishi yanasema hakuna signali.

Hapo ndipo feza zinaanza kutoka. Mmoja anaambiwa anunue parabola kubwa zaidi, mwingine abadilishe dekoda, mwingine aongeze kifaa cha kukuza signali. Katika maeneo ambako bidhaa zinafika kwa pikipiki na baiskeli kwenye barabara mbovu, kununua kitu kisichohitajika ni kupoteza mara mbili: unapoteza bei yake na unapoteza bei ya kukisafirisha. Ndiyo sababu tumejaribu kujibu swali moja ambalo mafundi na wateja wanabishana juu yake kila siku: je, urefu wa waya unaharibu picha kweli?

Jibu ni ndiyo, lakini si namna watu wengi wanavyofikiri.

Kilomita 36.000, halafu mita 60

Setilaiti za televisheni zinakaa angani karibu kilomita 36.000 juu ya mstari wa ikweta. Signali inayofika kutoka kule ni dhaifu sana. Parabola kazi yake ni kuikusanya na kuielekeza kwenye kichwa kilicho mbele yake, kile ambacho mafundi wanakiita LNB.

LNB inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza ile signali dhaifu kwa nguvu sana, mara laki moja na zaidi. Ya pili ni kuishusha. Parabola ndogo za nyumbani zinapokea mawimbi ya gigahezi 10 mpaka 12 na kitu. Mawimbi ya juu namna hiyo hayawezi kusafiri mbali ndani ya waya wa kawaida. Kwa hiyo LNB inayashusha mpaka kati ya megahezi 950 na megahezi 2150, na hayo ndiyo yanayoingia ndani ya waya na kuja nyumbani.

Waya wenyewe unaitwa koaksiali kwa sababu umejengwa kwa duara ndani ya duara: katikati kuna uzi mmoja mgumu, unazungukwa na povu jeupe la plastiki, halafu karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi ndogo, na juu kabisa ngozi ya plastiki nyeusi au nyeupe. Picha inapita kati ya uzi wa ndani na ule wavu. Kila mita inayopita, sehemu ya nguvu inageuka joto na kupotea.

Hesabu ya mafundi inafanywa kwa desibeli. Desibeli 3 zikipotea, nguvu imebaki nusu. Desibeli 10 zikipotea, imebaki sehemu moja ya kumi. Zikipotea 30, imebaki sehemu moja ya elfu.

Waya wa RG-6, ule unaofaa kwa kazi hii, unapoteza karibu desibeli 20 kwa mita 100 kwenye megahezi 1000, na karibu 30 kwa mita 100 kwenye megahezi 2150. Maana yake ni kwamba kwenye chaneli za juu, kila mita 10 za waya zinakula nusu ya nguvu iliyobaki. RG-59, ambao ni mwembamba zaidi na mara nyingi wa bei nafuu, unapoteza zaidi: karibu desibeli 40 kwa mita 100 kwenye chaneli za juu. RG-11, ambao ni mnene kama kidole kidogo cha mtoto, unapoteza kidogo: karibu 21.

Nguvu si ubora

Ukifungua ukurasa wa signali ndani ya dekoda, utaona mistari miwili. Dekoda zenye Kifaransa zinaandika "puissance" au "niveau" kwa mstari wa nguvu, na "qualité" kwa mstari wa ubora. Makosa mengi yanaanza hapa, kwa kuchanganya hiyo miwili.

Fikiri redio yenye kelele. Mtangazaji anasema, na nyuma yake kuna mlio wa "shhhh". Ukipunguza sauti ya redio, maneno na kelele vinashuka pamoja. Maneno hayakuwa mabaya zaidi, yamekuwa madogo tu. Ukiongeza sauti, maneno na kelele vinapanda pamoja, na bado kelele iko pale pale.

Waya mrefu ni kama mkono unaopunguza sauti. Kwa kuwa LNB imekwisha kukuza signali kabla haijaingia ndani ya waya, waya unashusha signali na kelele yake kwa kipimo kimoja. Mstari wa nguvu unashuka, lakini mstari wa ubora unabaki karibu pale ulipokuwa. Ubora unaamuliwa zaidi na ukubwa wa parabola, namna ilivyoelekezwa, uzuri wa LNB, na mvua iliyo angani.

Lakini kuna mpaka. Ukipunguza sauti ya redio kupita kiasi, mlio wa nzi ndani ya chumba unakuwa mkubwa kuliko mtangazaji. Vivyo hivyo, dekoda nayo ina kelele yake ya ndani. Signali ikifika ndogo mno, kelele ya dekoda inaifunika, na hapo ubora unaanguka kwa ghafla. Televisheni ya zamani ya analogi ilikuwa inaonyesha picha yenye mchanga, lakini mtu aliendelea kuangalia. Televisheni ya dijitali haina huruma hiyo: picha iko safi, halafu inavunjika, halafu hakuna kitu. Kati ya picha safi na kioo cheusi kunaweza kuwa na tofauti ya desibeli moja au mbili tu.

Mfano wa hesabu

Dekoda nyingi zimetengenezwa kupokea signali kati ya -25 na -65 kwa kipimo ambacho mafundi wanakiita dBm. Tuchukue LNB inayotoa -38, kiwango ambacho parabola ya kawaida ya nyumbani inaweza kutoa.

Ukitumia mita 30 za RG-6, chaneli ya juu kabisa inapoteza kama desibeli 9. Inafika kwenye dekoda na -47. Hakuna tatizo lolote. Mtu mwenye waya wa namna hiyo ambaye picha yake inakatika asilaumu urefu. Kosa liko mahali pengine.

Ukitumia mita 100 za RG-6, chaneli za chini zinapoteza 20 na kufika na -58. Zinaonekana vizuri. Chaneli za juu zinapoteza 30 na kufika na -68. Zimepita mpaka. Matokeo yake ni kwamba ndani ya nyumba moja, dekoda moja na parabola moja, chaneli fulani ni safi na nyingine hazipo kabisa, na mwenye nyumba anafikiri kampuni imemkatia.

Mita 100 zilezile zikiwa za RG-59, chaneli za juu zinafika na -78. Zikiwa za RG-11, zinafika na -59 na picha inaonekana. Urefu ni mmoja, lakini aina ya waya inabadilisha kila kitu.

Kuna kosa lingine ambalo linaonekana katika miji ya ndani: kutumia waya uliotolewa kwenye foni ya zamani ya misheni au ya kituo cha afya. Ule waya mara nyingi ni RG-58. Kwa macho unafanana na ule wa televisheni, lakini ulitengenezwa kwa mawasiliano ya redio, una omu 50 badala ya 75, na kwenye mawimbi ya parabola unapoteza nguvu mara mbili au zaidi kuliko RG-6. Angalia maandishi juu ya ngozi ya waya: unaofaa umeandikwa 75 ohm.

Umeme unaopanda juu

Wengi hawajui kwamba waya wa parabola unabeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Picha inashuka kutoka kwenye parabola, na umeme unapanda kutoka kwenye dekoda kwenda kulisha LNB. Bila huo umeme, LNB imekufa.

Umeme huo pia ni amri. Dekoda ikituma volti 13, LNB inachukua chaneli za wima. Ikituma volti 18, inachukua chaneli za ulalo. Waya ukiwa mrefu na mbaya, volti zinapotea njiani.

Hapa ndipo uzi wa katikati unaleta tofauti. Katika waya wa bei nzuri uzi huo ni shaba tupu. Katika waya nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba juu. Kwa picha hakuna tofauti kubwa, kwa sababu mawimbi ya juu yanapita kwenye ngozi ya uzi tu, na ngozi ni shaba. Lakini umeme wa LNB unapita ndani ya uzi wote, na chuma kinauzuia. Mita 100 za waya wa chuma zinaweza kula karibu volti 2 ikiwa LNB inavuta ampea 0,2. Shaba tupu inakula sehemu ndogo ya hizo.

Volti 18 zikibaki 16, LNB nyingi bado zinaelewa. Lakini weka juu yake fishi iliyoshika kutu, kiungo kilichofungwa kwa mkono, na dekoda iliyochoka inayotoa 17 badala ya 18: unafika chini ya 15, na LNB inaanza kudhani imeombwa chaneli za wima. Dalili yake ni ya wazi. Kundi zima la chaneli linatoweka kwa pamoja, na kundi lingine linabaki safi kama maji ya chemchemi. Ukiona hivyo, usiguse parabola. Tatizo ni umeme ndani ya waya.

Kujua aina ya uzi si kazi ngumu. Chukua kisu, kwangua kidogo uzi wa katikati. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, si shaba tupu. Weka sumaku: ikishika, ni chuma. Duka likikataa usikwangue, omba kipande cha sentimita tano kwanza kabla ya kununua mita 50.

Maji, fishi na viungo

Katika nyumba nyingi, kabla urefu haujawa tatizo, viungo vimekwisha kuwa tatizo. Waya wa mita 40 uliounganishwa mahali patatu kwa kusokota nyuzi na kufunga mpira mweusi ni mbaya kuliko waya wa mita 60 wa kipande kimoja. Kila kiungo cha mkono kinarudisha sehemu ya signali nyuma na kufungua mlango wa maji.

Maji ndiyo adui mkubwa Maniema, ambako mvua inapiga sehemu kubwa ya mwaka na ukavu unakuja katikati ya mwaka tu. Yakiingia kwenye fishi ya LNB, yanashuka ndani ya wavu na povu kama ndani ya utambi wa taa. Waya uliolowa ndani haukauki tena vizuri. Unapoteza nguvu nyingi zaidi, shaba inageuka kijani, wavu unakuwa mweusi. Fundi anaweza kubadilisha LNB mara tatu bila kupona, kwa sababu maji yako mita mbili chini ya kichwa.

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada. Karibu na ikweta, setilaiti ziko juu sana kichwani. Kutoka Kasongo, setilaiti ya digrii 7 Mashariki, ambako Azam TV inarusha, iko upande wa magharibi kwa kimo cha karibu digrii 66. Ile ya digrii 36 Mashariki, inayotumiwa na DStv, iko karibu digrii 78, yaani si mbali na utosi. Parabola inayoangalia juu namna hiyo inageuza LNB, na mdomo wa fishi unaweza kuangalia juu pia, ukipokea mvua moja kwa moja.

Dawa ni rahisi. Fishi ikazwe vizuri, ifungwe kwa mpira unaojishika au ifunikwe na kofia ya plastiki. Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba, uachwe utengeneze tumbo linaloning'inia chini ya tundu la ukuta, ili maji yadondokee nje badala ya kufuata waya mpaka kwenye dekoda. Waya usikunjwe kwa pembe kali na usipigwe msumari katikati: povu likibanwa, waya umeharibika hapo hata kama ngozi ni nzima.

Nyumba za video na parabola ya jirani

Urefu unakuwa tatizo la kweli katika hali mbili ambazo miji yetu inazijua vizuri. Ya kwanza ni nyumba za video zinazoonyesha mpira, ambako parabola iko juu ya nyumba ya mwenye mali na kioo kiko kwenye ukumbi upande wa pili wa kiwanja. Ya pili ni majirani wanaotaka kugawana parabola moja, waya ukipita juu ya paa tatu na mti wa embe.

Kugawana kuna kosa lake hata kabla ya kupima urefu. Kifaa kidogo cha kugawa waya kuwa mbili kinakula desibeli 3 mpaka 4 kwa kila upande. Zaidi ya hapo, dekoda mbili kwenye LNB yenye mdomo mmoja zinapigana: moja inaomba volti 13, nyingine 18, na ile ya 18 inashinda. Jirani anabadilisha chaneli, na kwako picha inapotea. Anayetaka dekoda mbili anunue LNB yenye midomo miwili na avute waya mbili.

Kifaa cha kukuza signali nacho kina sheria yake. Watu wanakifunga nyuma ya televisheni, mahali pa mwisho wa waya. Hapo kinakuza signali iliyokwisha kuchoka pamoja na kelele yake. Kifungwe karibu na LNB, kabla nguvu haijapotea. Na kisinunuliwe kwa kusudi la kuponya ubora mbaya. Parabola iliyoelekezwa vibaya haiponi kwa kukuza, sawa na vile redio yenye kelele haiponi kwa kuongeza sauti.

Sogeza parabola, usirefushe waya

Kuna suluhisho ambalo halihitaji mita moja ya ziada. Kwa setilaiti iliyo kilomita 36.000, mita 50 za kiwanja si kitu. Parabola iliyo upande wa kushoto wa kiwanja na ile iliyo upande wa kulia zinapokea signali ileile. Badala ya kuvuta waya mita 80 kuufuata ukumbi, leta parabola karibu na ukumbi.

Watu wengi wanaogopa miti na kuta. Lakini kile kimo cha setilaiti kinatusaidia hapa. Kwa setilaiti iliyo digrii 66 juu, mti wenye urefu wa mita 10 kuliko parabola unaziba tu ikiwa parabola iko chini ya mita 4 na nusu kutoka kwenye kilele chake. Kwa ile ya digrii 78, ni kama mita 2. Mtu wa Brussels, ambako setilaiti nyingi ziko karibu digrii 30 juu, mti huohuo unamziba mpaka mita 17. Ndiyo sababu picha za kwenye intaneti zinazoonyesha parabola juu kabisa ya paa hazitufungi sisi. Parabola inaweza kukaa chini, juu ya bomba lililosimikwa kwa simenti kando ya ukuta, ikiwa na anga wazi upande wake. Waya unakuwa mita 10, fundi anaifikia bila ngazi, na vumbi au majani yanafutwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kinachotakiwa ni uzio mdogo wa kuzuia mbuzi na mpira wa watoto.

Radi

Waya mrefu una hatari nyingine ambayo si ya picha. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 1998 mpaka 2013, uliiweka Kabare ya Kivu ya Kusini kwenye nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Nafasi ya tatu ilikuwa Kampene, katika eneo la Pangi, jimbo letu la Maniema: zaidi ya radi 170 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka.

Waya wa mita 80 unaopita juu ya paa za bati ni mkono ulionyooshwa kwa radi. Hata ikipiga mti wa jirani, inaweza kuingiza umeme ndani ya waya na kuunguza LNB, dekoda na televisheni kwa pamoja, au kumuumiza anayeshika dekoda. Bomba la parabola liunganishwe na chuma kilichopigwa ndani ya udongo. Na mvua yenye radi ikikaribia, waya uchomolewe kwenye dekoda mapema. Mtu asisubiri ngurumo ziwe juu ya nyumba ndipo akashike fishi.

Jaribio moja kabla ya kutoa feza

Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip katika karne ya 19, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kutoka ziwa Tanganyika. Habari zilikuja kwa miguu, majuma na miezi. Leo habari ya Kinshasa, ya Goma au ya Bukavu inafika kwa sekunde, na tangu vita vya mwaka 2025 watu wengi hapa wana ndugu ambao wanataka kujua hali ya mahali walipo. Televisheni isiyoonekana si swali la mpira peke yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, picha ikikatika, fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Subiri siku isiyo na mvua, kwa sababu mvua kubwa inaweza kukata signali ya parabola ndogo hata kama waya ni mpya. Andika namba za nguvu na za ubora za chaneli tatu au nne, dekoda ikiwa mahali pake. Halafu chukua dekoda, televisheni ndogo na batri, upeleke vyote chini ya parabola. Zima dekoda, ichomoe waya mrefu, na uiunganishe na LNB kwa waya mfupi mzuri wa mita mbili au tatu. Washa, uangalie chaneli zilezile.

Kama chini ya parabola nguvu na ubora vinapanda na chaneli zilizopotea zinarudi, kosa ni la waya wako mrefu: urefu wake, aina yake, viungo vyake au maji ndani yake. Badilisha waya, au sogeza parabola. Kama nguvu inapanda lakini ubora unabaki mbaya vilevile, waya hauna kosa. Mwite fundi aelekeze parabola upya, na LNB ijaribiwe. Kama hata hapo hakuna kinachobadilika na chaneli zote hazipo, angalia LNB na dekoda yenyewe.

Kwa nyumba ya kawaida, waya wa RG-6 wa kipande kimoja usiopita mita 30, wenye fishi zilizofungwa vizuri, hauwezi kumnyima mtu picha. Mpaka mita 50 bado hakuna hofu kama uzi ni mzuri. Kupita hapo, pima kwanza. Na fundi atakayekuja kukuuzia parabola kubwa bila kujaribu waya mfupi, mwombe kwa heshima aanze na ule waya mfupi. Jaribio lenyewe linachukua nusu saa na halina gharama.